Pinda: Ukuta wa Thimlich Ohinga, Karatasi na Vazi la Kurasa za Mitindo

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa lugha yake inakutana wapi na mitindo ya mavazi, aghalabu atataja majina ya leso na kuishia hapo. Makala haya yanakusudia kusogea hatua moja mbele. Yanachunguza namna mavazi ya picha za majarida yanavyokopa kutoka kwa usanifu wa majengo na miundo ya karatasi, na yanauliza swali ambalo kwetu sisi wa fasihi si geni hata kidogo: kinachokopwa hasa ni kipi, sura au kanuni? Dai letu ni kwamba mkopo wenye tija ni ule wa kanuni. Aidha, tunadai kwamba Kiswahili kina kitenzi kimoja, kupinda, kinachoidhihirisha kanuni hiyo vyema kuliko maelezo mengi ya kitaalamu.

Yafaa tueleze mapema mtu tunayemzungumzia. Kwa "mpangaji wa mavazi" tunamaanisha yule anayeamua, kabla ya picha kupigwa, mwanamitindo avae nini, asimame wapi, na nguo ianguke vipi mwilini. Si yeye aliyeibuni nguo, wala si yeye anayeshika kamera. Kazi yake inakaribiana sana na ya mwelekezi wa tamthilia: hakuandika mchezo, lakini bila yeye maneno hubaki karatasini.

Roland Barthes, katika kitabu chake Système de la mode kilichotoka Ufaransa mwaka 1967, alitofautisha vazi la namna tatu: vazi halisi lililoshonwa na fundi, vazi la picha, na vazi lililoandikwa, yaani maneno yanayoizunguka picha ukurasani. Barthes mwenyewe aliliacha vazi halisi na la picha akajishughulisha na lile lililoandikwa, akisoma majarida ya mwaka 1958 na 1959. Hatuna sababu ya kumfuata katika hilo. Kwetu, mambo hayo matatu yalikutana siku moja, na yalikutana kwa hasara kidogo.

Jiwe lililoanguka

Mwezi Agosti, kikundi cha vijana wapiga picha wa mjini Migori kiliniomba niwaandikie maelezo ya Kiswahili kwa picha kumi na mbili za mavazi. Walikuwa wamechagua Thimlich Ohinga kuwa mahali pa kupigia. Nilikubali kwa furaha, kwa kuwa nilikuwa nimekisoma kituo hicho vitabuni bila kukiona.

Thimlich Ohinga iko yapata kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Jina ni la Dholuo. Thimlich hufasiriwa kuwa msitu mnene wa kuogofya, na ohinga ni boma la mawe. Inakadiriwa kuwa lilijengwa katika karne ya 16, na katika karne zilizofuata jamii mbalimbali ziliishi humo na kuzikarabati kuta zake. Maboma makubwa ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Mahali hapa huhifadhiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na mwaka 2018, katika kikao kilichofanyika Manama, Bahrain, Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilipaandikisha katika orodha yake.

Mpangaji wetu wa mavazi alikuwa na wazo ambalo mwanzoni halikunisumbua. Alikuwa amenunua kitambaa kilichochapwa picha za mawe, akakishonesha gauni refu, na alitaka mwanamitindo asimame juu ya ukuta ili gauni na ukuta vionekane kuwa kitu kimoja. Msichana alipandishwa. Alipogeuka upande wa pili, jiwe moja lenye ukubwa wa mkate liliteleza chini ya kisigino chake likaanguka nje. Hakuumia. Mtembezaji wa wageni aliyekuwa akituongoza alikuja, akaliokota lile jiwe, akaligeuza mkononi mara tatu akitafuta upande wake, kisha akaliweka chini kando ya ukuta. Alisema kwa upole kwamba waashi wanaojua kazi hiyo ndio watakaolirudisha, kwa sababu kila jiwe lina mahali pake na yeye hataki kulilazimisha. Upole wake ulituaibisha kuliko ambavyo ukali ungetuaibisha. Msichana akashuka. Hatukupiga picha nyingine siku ile.

Nimelieleza tukio hili kwa sababu kosa letu halikuwa la utovu wa nidhamu peke yake. Lilikuwa pia kosa la usomaji. Tuliuchukulia ukuta kama pazia la jukwaani, kitu cha kuonekana nyuma, na tukadhani kuiga madoadoa ya mawe kwenye kitambaa ni kuukopa usanifu. Wanafunzi wa tafsiri watalitambua kosa hili mara moja. Ni tafsiri sisisi. Neno limepokelewa na neno, na maana imeachwa mlangoni.

Ukuta unavyosimama

Ukuta huo unasema nini basi? Kuta za Thimlich Ohinga zina kimo cha kati ya mita 1.5 na mita 4.5. Hazikuunganishwa kwa udongo wala chokaa, na mawe yake hayakuchongwa. Lililoshika jiwe ni jiwe jirani. Ukizichungulia mahali zilipobomoka utaona kwamba kila ukuta ni kama kuta tatu: upande wa nje na upande wa ndani ulijengwa kila mmoja kwa mawe ya ukubwa mbalimbali yaliyopangwa kwa uangalifu, na katikati yake pakajazwa mawe madogo yanayozishikanisha pande hizo mbili. Penye udhaifu pakawekwa mihimili ya mawe ya kuegemeza. Milango ni myembamba na mifupi, kiasi kwamba mtu mzima huingia ameinama. Adui akiingia vile, huingia kichwa mbele.

Jambo kubwa zaidi, kwa mada yetu, ni kwamba kuta hizo hazikwendi moja kwa moja. Zinapinda. Mtu anayetoka mjini, aliyezoea ua wa matofali ulionyooka kama rula, anaweza kudhani mjenzi alikosa kamba ya kupimia. Lakini ukuta mrefu ulionyooka, usio na chokaa, usio na nguzo, husukumwa na kuanguka kwa urahisi kwa kuwa hauna kitu cha kuegemea mbele wala nyuma. Ukuta unaopinda hujiegemea wenyewe. Kila kona ni mhimili wa kona inayofuata. Kupinda kwake, ambako jicho pungufu hulihesabu kuwa kasoro, ndiko kunakouwezesha kusimama.

Hapa ndipo karatasi inapoingia. Msomaji achukue ukurasa mmoja wa daftari ajaribu kuusimamisha wima mezani. Hautasimama. Aupinde mara moja katikati kisha aufunue nusu, na utasimama. Akiupinda mara nane, mbele na nyuma kwa zamu, kisha akausimamisha kwa ukingo wake, utabeba hata kitabu chembamba. Karatasi ni ile ile na uzito ni ule ule. Hakuna kilichoongezwa ila mikunjo. Mjenzi wa Kochieng na mtoto anayechezea ukurasa wa daftari wamefikia jibu moja.

Mafunjo, karatasi na mfuko wa saruji

Neno "karatasi" lina safari ndefu. Kiswahili kililipokea kutoka kwa Kiarabu, qirtas, na neno hilo la Kiarabu lina asili yake katika neno la Kigiriki khartes, lililotaja ukurasa uliotengenezwa kwa mafunjo. Mafunjo ndiyo haya haya yanayoota kandokando ya Ziwa Victoria, Homa Bay hadi Migori, ambayo kwa Dholuo huitwa togo na ambayo wenyeji huyasuka mikeka na kamba. Mwanafunzi wa kwetu anapoitamka karatasi, basi, anautaja mmea wa ufuoni mwake pasipo kujua. Sisemi kwamba Wamisri wa kale waliyatoa mafunjo yao Homa Bay. Nasema tu kwamba si lazima tuione karatasi kama mgeni aliyekuja na shule.

Katika mavazi, karatasi imetumiwa kwa njia mbili zisizofanana. Njia ya kwanza ni kuivaa. Mwaka 1966 kampuni ya Scott Paper ya Marekani ilitoa gauni la karatasi kwa dola 1 na senti 25 ili kutangaza bidhaa zake nyingine. Gauni hilo lilizua wimbi la mtindo ambalo halikuvuka muongo ule. Lilikuwa na umbo la mfuko, na mapambo yake yote yalikuwa ya kuchapwa juu. Naliona kuwa ndugu wa gauni letu la mawe.

Njia ya pili ni kujifunza kutoka kwa karatasi. Isabelle de Borchgrave wa Ubelgiji, aliyefariki mwaka 2024, alitengeneza upya mavazi ya kihistoria kwa karatasi tupu, akiikunja na kuipaka rangi mpaka macho yakadanganyika kuwa yanaona hariri. Mbunifu wa Japani Issey Miyake, aliyefariki mwaka 2022, alienda mbali zaidi. Mavazi aliyoyazindua mwaka 1993 kwa jina Pleats Please hukatwa na kushonwa makubwa kuliko mwili, kisha huwekwa baina ya karatasi na kushindiliwa katika joto mpaka yawe na marinda yasiyofumuka. Mwaka 2010 akatoa mavazi yaitwayo 132 5., ambayo hulala chini yakiwa bapa, yamekunjwa katika maumbo ya kihesabu, na huinuka kuwa vazi mtu anaposhika sehemu moja na kuivuta juu. Hapo hakuna picha ya jengo iliyochapwa popote, lakini mwenye jicho la mwashi atauona ujenzi. Si ajabu kwamba mwaka 2006 jumba la makumbusho la MOCA mjini Los Angeles liliandaa maonyesho mazima, Skin + Bones, kuhusu jinsi wabunifu wa mavazi na wasanifu majengo wanavyotumia mbinu zilezile.

Mbali kote huko tumekwenda kutafuta jambo lililokuwa karibu. Katika soko la Migori kuna mama mmoja mshonaji ambaye vielelezo vyake vya kukatia nguo vimetundikwa ukutani kwa msumari. Vingine ni magazeti ya zamani, lakini vile anavyovitegemea zaidi, vya kola na mikono ya sare za shule, amevikata kutoka kwa mifuko ya saruji. Karatasi ya mfuko wa saruji ni ngumu, haipasuki haraka, na hukumbuka mkunjo iliopewa. Jengo likiisha kujengwa, ngozi yake huja kwa mshonaji kuwa umbo la vazi. Nilipomweleza kilichotupata Thimlich Ohinga, nikamweleza pia kuhusu ukuta wenye pande mbili na kifusi cha mawe madogo katikati, hakushangaa. Alishika kola ya shati lililokuwa mezani akaibana kwa vidole. "Si ni kama hii, mwalimu? Kitambaa cha juu, bitana ya chini, na kigumu katikati. Ukitoa kile cha katikati, hiyo kola italala."

Nimesoma darasani kwa miaka sita na hakuna aliyewahi kunieleza ulinganisho uliokamilika namna hiyo kwa maneno machache kiasi hicho.

Lugha ilikuwa imetangulia

Wenzetu kadhaa wa chama hiki wamewahi kudai, katika mijadala yetu ya jioni, kwamba Kiswahili hakiwezi kuandika ukurasa wa mitindo bila kuazima nusu ya maneno yake. Dai hili lina ukweli mdogo na uvivu mwingi. Tutazame leso yenyewe. Jina lake linatokana na neno la Kireno lenço, kitambaa cha mkononi, na inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani katika karne ya 19 walianza kwa kuunga vitambaa sita vya namna hiyo viwe nguo moja. Ukingo wa leso huitwa pindo. Maneno yaliyoandikwa huitwa jina. Na sehemu ya katikati, iliyozungukwa na pindo pande zote nne, huitwa mji.

Mji! Mwanamke anapojifunga leso kiunoni hujifunga mji uliozungushiwa ukuta. Sijui tamathali nyingine katika mavazi ya ulimwengu iliyo kongwe na ya kila siku kiasi hiki, na bado tunaipita bila kuitazama. Istilahi hiyo iliundwa mbali na kurasa za mitindo. Wavaaji na wauzaji walihitaji namna ya kuelekezana, na jicho lao lilikuwa limezoea miji yenye kuta.

Mifano mingine ipo. Fundi ni mshonaji na fundi ni mwashi, na ni kivumishi tu kinachotutenganishia. Nakshi huchongwa mlangoni na nakshi hudariziwa kofiani. Kanzu ina badani, ina taraza, ina kikwapa, kile kipande kidogo kinachotiwa chini ya mkono ili nguo isichanike mvaaji anapouinua. Kikwapa katika kanzu kinafanya kazi ile ile inayofanywa na mhimili wa mawe katika ukuta wa Kochieng: kinakaa mahali penye mvutano na kuupokea.

Hata hivyo, mfano ulio na uzito kuliko yote ni kitenzi chenyewe. Ukuta unapinda. Mshonaji anapinda nguo, maana yake anaugeuza ukingo wake ndani na kuushona usifumuke. Kutokana na kitenzi hicho tumepata pindo. Kutokana nacho pia tumepata upinde, silaha ambayo nguvu yake yote imo katika mti uliokataa kubaki umepindika. Kwa hiyo Kiswahili kinaposema pindo la leso, kinakumbusha tendo lililolifanya. Ukingo ulifanywa imara kwa kupindwa. Mpangaji wa mavazi anayekijua kitenzi hiki haitaji kupanda juu ya ukuta. Atamwambia mshonaji: nipindie kola hii kama ukuta ule, na mshonaji ataelewa.

Picha ya pili

Ndivyo tulivyofanya hatimaye. Kwa ruhusa ya mshonaji, tulichukua mfuko mmoja wa saruji uliokung'utwa vizuri, tukakata utepe wa upana wa shubiri moja, naye akaupinda mbele na nyuma kwa zamu, akitumia ncha ya mkasi kuweka alama na pasi ya makaa kuukaza mkunjo. Utepe huo ukawekwa baina ya leso mbili, moja nje na moja ndani, pindo likiwa juu. Ukashikwa kwa pini tatu. Ukasimama nyuma ya shingo ya mwanamitindo kama ukuta mdogo unaozunguka mji.

Tulirudi Thimlich Ohinga wiki tatu baadaye na tukapiga picha tukiwa hatua kumi kutoka kwenye ukuta. Mwanamitindo hakuugusa. Katika picha niliyoipenda kuliko zote ukuta hauonekani wote, ila kona moja tu nyuma yake, na jicho linahama lenyewe kutoka kwenye kona hiyo hadi kwenye kola na kurudi. Lile jiwe letu lilikuwa bado chini, kando ya ukuta, na mtembezaji alituonyesha bila kuulizwa.

Vijana wale walikuwa na malalamiko yao, na si ya kupuuzwa. Walisema gauni la mawe liliwagharimu, na kwamba mtazamaji wa kawaida anayefunua kurasa haraka angelitambua kwa sekunde moja, ilhali kola ya saruji inahitaji maelezo. Ni kweli inahitaji. Lakini hapo ndipo vazi lililoandikwa la Barthes linapopata kazi ya haki, kwa kuwa maneno yanamwonyesha msomaji pa kutazama badala ya kusifu kile ambacho picha imekwisha kukisema. Maelezo ya aina ya "mandhari ya kale yenye kuvutia", ambayo nakiri kwamba ndiyo niliyoyaandika katika rasimu ya kwanza, hayamwonyeshi mtu chochote.

Rasimu ya pili niliiandika hivi: "Leso mbili, mji ndani, pindo juu. Kola ya mfuko wa saruji, imekunjwa mara kumi na nne, haikushonwa." Niliipeleka sokoni ili mshonaji aisikie kabla ya kuchapwa. Aliniomba nirudie sentensi ya mwisho, akatikisa kichwa.

"Kukunja ni nguo unaweka sandukuni, mwalimu. Kesho unaikunjua. Hii mimi nimeipinda."

Nikafuta, nikaandika: imepindwa.